Kiungulia cha Verlin Tackett

Kazi ya Verlin Tackett ilikuwa ya kulala chali. Alikuwa jirani yangu, fundi wa mabasi ya shule ya kaunti yetu, hapa West Virginia, na basi la shule haliinuliwi kila linapoharibika. Mara nyingi ni fundi anayejilaza juu ya kibao chenye magurudumu, akajisukuma chini ya basi na kufanya kazi akitazama juu. Verlin aliipenda. Jeshini alitengeneza malori, na alipotoka huko hakutafuta kazi nyingine. Akina mama wanaoendesha yale mabasi walimpenda, kwa sababu akiambiwa kuna kelele upande wa kushoto, hakuwahi kumjibu mtu kwamba kelele hiyo iko kichwani mwake. Aliingia chini kuitafuta.

Mgongo aliuumiza Iraki, siku jeki ilipoteleza na giaboksi la lori likamshukia. Serikali haikubishana naye kuhusu mgongo. Ulikuwa na picha zake za eksirei, na alipostaafu jeshi akawa anapata kitu kidogo kila mwezi kwa ajili yake. Lakini pamoja na mgongo vilikuja vidonge. Tabibu wa kikosi aliwagawia askari vidonge vya maumivu kwa viganja, vyeupe na vikubwa, nao wenyewe waliviita peremende za jeshi. Ukivimba goti, unapewa peremende. Ukianguka kutoka kwenye lori, peremende. Verlin alivimeza asubuhi kwa kahawa kavu na mchana bila chakula, na aliporudi nyumbani akaendelea navyo miaka mingi, maana bila hivyo asingeweza kuinama afunge kamba za viatu. Hakuna aliyemwambia kwamba vinamla tumbo.

Kilianza kama kiungulia cha kila mtu. Akila nyanya, kinakuja. Akinywa kahawa, kinakuja. Mkewe Darla, ambaye ni mpishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akaacha kupika vitu vyenye pilipili, kisha nyanya, kisha vitunguu, mpaka mezani kwao pakabaki chakula cha mgonjwa. Hata hivyo kiungulia kikaja bila kuitwa na chakula. Maji matupu yalimuunguza. Akiinama, tindikali ilipanda mpaka mdomoni, kali kama maji ya betri. Akilala, ilimwingia kooni usingizini, akazinduka akitapatapa kama mtu aliyetumbukia mtoni. Mwishowe aliacha kitanda kabisa. Akawa analala sebuleni, ameketi kwenye kiti cha kuegemea, taulo begani.

Darla hakuuliza sana. Alidhani ni kwa muda.

Ajali ilitokea asubuhi moja ya baridi, theluji imegandia kwenye matairi. Verlin alikuwa chini ya basi akifungua shafti. Gaylon Pyle, msimamizi wa karakana, alikuwa anazungumza kwa simu aliposikia buti zinapiga bati, si kama mtu anayefanya kazi. Alikimbia, akamshika Verlin vifundo vya miguu na kumvuta nje. Uso ulikuwa umebadilika rangi. Tindikali ilikuwa imepanda na kushukia kwenye njia ya hewa, na katika ule ufinyu wa chini ya basi hakuweza kugeuka hata upande. Alilazwa hospitali, mapafu yameungua.

Aliporudi kazini, Gaylon alimpa kazi za kusimama: kubadilisha taa, kujaza mafuta, kuosha mabasi. Verlin aliomba arudishiwe kibao chake. Gaylon akamjibu bila kumtazama usoni.

"Siwezi kukulaza tena chini ya basi, Verlin. Siku nikikuvuta nikakuta umekufa, nitaenda kumwambia nini Darla?"

Na kazi za kusimama hazikuwa nyingi. Saa zake zikapunguzwa, kisha zikapunguzwa tena.

Ni Darla aliyesema waende kudai fidia serikalini. Tumbo limeharibiwa na vidonge, vidonge vilitolewa kwa sababu ya mgongo, na mgongo serikali imekwisha ukubali. Kwake yeye jambo lilikuwa limenyooka. Verlin alikataa. Alisema anawajua watu waliorudi bila miguu, na yeye hawezi kwenda kupanga mstari nyuma yao ameshika tumbo. Walibishana majira yote ya kuchipua kwa majani, bila kelele, jinsi wanavyobishana watu waliooana muda mrefu: mmoja anasema neno moja wakati wa kuosha vyombo, mwenzake anajibu kesho yake.

Habari zilimfikia Randall, kaka yake Darla. Randall alikuwa mchimba makaa ya mawe mpaka kifua kilipomshinda, na madai yake mwenyewe ya mapafu yalikataliwa miaka mingi nyuma. Tangu hapo hakumwonea huruma mtu yeyote anayedai chochote. Jumapili moja wote wakiwa mezani kwake baada ya kanisa, akamsogezea Verlin sahani ya kuku wa kukaanga.

"Kula, shemeji. Nasikia siku hizi serikali inalipa watu kwa kubeua."

Watu walicheka. Verlin naye akacheka. Alichukua paja la kuku akalila, ingawa alijua litamfanya nini, na walipofika nyumbani alikaa uani ameinamia ndoo mpaka jua likazama. Darla alimletea maji. Kesho yake Verlin mwenyewe ndiye aliyechukua funguo za gari na kusema twende kwa Odell.

Odell Cline alipigana Vietnam. Sasa ni mzee mwenye kifimbo na vifaa vya kusikilizia masikioni, na anakaa kwenye ukumbi wa maveterani akiwasaidia wenzake kujaza madai, bila malipo, kwa sababu anasema hajui kucheza karata. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Akasema madai haya yana miguu ya kusimamia. Alimwonya Verlin jambo moja tu: askari akiulizwa hali, anajibu salama, hata akiwa anavuja damu. Siku ya kupimwa na daktari wa serikali asifanye hivyo.

"Usiwaambie siku yako nzuri, mwanangu. Waambie siku yako mbaya kuliko zote. Na usione haya. Ukiona haya pale, umekwisha."

Verlin aliitikia kwa kichwa, na Darla akajua hataweza. Alikuwa ameishi naye tangu wakiwa vijana na hajawahi kumsikia akilalamika, hata jino lilipomuuma mpaka shavu likavimba.

Siku ya kupimwa walikwenda Charleston, kwenye chumba cha kukodi kando ya duka la miwani. Verlin alikuwa amevaa shati alilovaa kwenye harusi ya binti yao. Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini, kompyuta mbele yake. Alimruhusu Darla akae ndani. Alianza na maswali mepesi, na Verlin akajibu kama alivyojibu maisha yake yote: si mbaya sana, mama, nimezoea, mama. Darla alifungua mdomo. Verlin akamwekea mkono gotini. Halafu, bila kuondoa mkono, akaanza kusema.

Alisema hajalala kitandani na mke wake kwa miaka. Alisema anaogopa usingizi, kwamba jioni ikifika moyo unaanza kumdunda kwa sababu anajua atazama tena. Alisema kwenye harusi ya binti yake aliinama kumbusu bibi harusi mbele ya mpiga picha, matapishi yakamjaa mdomoni, akayameza huku anatabasamu, na ile picha iko ukutani kwao na kila mtu anasema ametoka vizuri. Alisema chini ya lile basi hakumfikiria Mungu wala familia yake. Alifikiria tu kwamba watamkuta na suruali imelowa.

Daktari alikuwa ameacha kuchapa.

"Na mdomo wangu unanuka," Verlin akasema. "Nausikia mwenyewe. Mke wangu simbusu tena. Niliacha mdomo nikawa nampa shavu, sasa hata shavu simpi. Sijamwambia kwa nini."

Darla aliangalia viatu vyake. Miaka yote ile alikuwa amefikiri kwamba Verlin hamtaki tena. Alikuwa amekwisha lilia jambo hilo akalimaliza, akajifunza kuishi nalo, akaacha hata kupaka rangi mdomoni. Sasa anaisikia sababu yake ndani ya chumba cha kukodi, mbele ya mgeni, na hawezi hata kugeuka akamshika mumewe, kwa sababu daktari bado ana maswali.

"Chakula kinakukwama ukimeza, bwana Tackett?" daktari aliuliza.

"Hapana, mama. Kinashuka vizuri. Shida yangu ni kupanda."

"Umewahi kupanuliwa umio? Njia ya chakula?"

"Hapana."

Aliandika. Alichukua muda kabla ya kuinua uso, na alipouinua alionekana kama mtu aliyechoka.

"Nakuamini," alisema. "Yote uliyosema nimeyaandika. Ila nataka ujue, maswali haya sikuyatunga mimi."

Njiani kurudi Verlin alikuwa mwepesi. Aliongea kuhusu kupaka rangi kibaraza. Alisimamisha gari kwenye kituo cha mafuta akanunua peremende za mnanaa, akala moja, akamgeukia Darla pale pale karibu na pampu na kumbusu mdomoni, kwa woga, kama kijana. Mnanaa humzidishia kiungulia. Alijua. Darla anasema ile ndiyo siku ya mwisho aliyoona wana mahali pa kwenda.

Majibu yalikuja majira ya joto. Serikali ilikubali kila kitu. Ilikubali kwamba Verlin ana ugonjwa wa tindikali, kwamba ni wa kudumu, kwamba umeletwa na vidonge alivyopewa kwa ajili ya mgongo alioumia vitani. Ikamshukuru kwa utumishi wake. Na kiwango cha ulemavu kutokana na ugonjwa huo ikakiweka asilimia sufuri, yaani bila malipo yoyote. Darla alisoma akarudia kusoma, akidhani kuna tarakimu imeanguka.

Walirudi kwa Odell. Mzee alivua miwani akaifuta kwa shati kabla ya kuwaeleza. Zamani, alisema, kanuni zilitazama mateso ya mtu: anaungua vipi, anacheua mara ngapi, analala au halali. Kanuni zimebadilishwa. Sasa kinachotazamwa ni kama umio umebana. Makovu yakiufanya uwe mwembamba hata chakula kinakwama, hapo kuna asilimia, na zinapanda kadiri unavyozidi kubana. Ukiwa haujabana, unaungua bure.

"Ungekuja kabla hawajabadilisha..." Odell alianza, kisha akavaa tena miwani.

Verlin alikuwa anatazama bendera iliyo ukutani.

"Kwa hiyo nirudi nikiwa siwezi kumeza."

"Kwa lugha yao, ndiyo."

"Sawa," Verlin akasema. Alimshukuru mzee, akamshika mkono. Ndani ya gari hakuongea juu ya kibaraza.

Lilibaki jambo moja. Daktari wake wa kawaida alikuwa amekwisha agiza kipimo cha kamera, bomba lenye taa linaloshushwa kooni mpaka tumboni. Odell alisema wakikuta umebana hata kidogo, atakata rufaa siku hiyo hiyo. Basi wakasubiri kipimo kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani wa mtoto. Na hapo ndipo Darla alipoanza kujiogopa. Akiwa anakatakata viazi kazini, alijikuta anamwangalia mzee mmoja anayelishwa uji kwa sababu koo lake limebana, na akawaza: umio wa kwetu ungekuwa hivyo tu, kidogo. Alipogundua anachowaza aliweka kisu chini, akatoka nje kwenye maegesho. Alimweleza dada yake kwa simu. Dada akamwambia mtu yeyote angewaza hivyo. Hilo halikumsaidia.

Siku ya kipimo Verlin alichomwa dawa ya usingizi. Darla alikaa kwenye chumba cha kungojea, mbele ya televisheni inayofundisha watu kupika. Kijana mmoja mwenye mguu wa chuma alikuwa amelala kitini, kofia usoni. Mara mlango ukafunguliwa, daktari akatoka akitabasamu, na Darla alipoona tabasamu lile alijua.

Umio ni mzuri, daktari alisema. Mpana, unapitisha chakula vizuri kabisa. Kuna uvimbe na wekundu, na chini karibu na tumbo kuna ngozi iliyoanza kubadilika kwa sababu ya kuunguzwa muda mrefu. Si saratani. Wataiangalia kila mwaka isije ikawa. Lakini kubana, hakuna dalili yoyote.

"Ni habari njema sana, mama," alisema.

Darla alisema asante. Alisema kwa sauti ambayo daktari aliifasiri vibaya, maana alimgusa bega akamwambia asiogope, mumewe atakuwa salama.

Verlin alipozinduka alikuwa bado na ulevi wa dawa. Darla alimsaidia kuvaa, wakatoka, akamkalisha kwenye gari na kumfunga mkanda. Hakuwasha injini. Watu walipita mbele yao na vikombe vya kahawa.

"Hawajakuta," Verlin akasema.

"Hawajakuta. Uko mpana."

Verlin alifumba macho, Darla akadhani amelala.

"Nilikuwa naomba wakute, Darla."

"Hata mimi."

"Uliomba kwa Mungu kabisa?"

"Kabisa. Jana na leo asubuhi."

Verlin aligeuza uso dirishani. Mabega yakaanza kutikisika, na Darla hakuweza kujua kama analia au anacheka. Alimshika mkono. Walikaa hivyo mpaka mlinzi wa maegesho akaja kugonga kioo, kwa upole, akauliza kama wanahitaji msaada. Darla alimwambia hapana, wapo tu.

Odell alikata rufaa hata hivyo, kwa hoja nyingine: si kiungulia peke yake, bali kukosa usingizi na kukosa kazi. Ilichukua muda mrefu kusikilizwa, na ilisikilizwa kwa video, Verlin akiwa ukumbini na jaji akiwa mbali, nyuma yake rafu ya vitabu. Jaji alikuwa na adabu. Alimwita Verlin sajini. Alisema hana shaka na maneno yake hata kidogo, na kwamba mkono wake umefungwa na kanuni jinsi zilivyoandikwa. Odell alimjibu vizuri kuliko alivyotegemewa. Rufaa ilikataliwa. Mzee aliugua wiki ile, na watu walisema ni mafua.

Rufaa ikiwa bado haijasikilizwa, Randall alikuja siku moja mchana kurudisha msumeno alioazima. Aliingia bila kubisha, kama kawaida yake, akamkuta Verlin amesinzia kwenye kiti. Kabla hajamwita, Verlin alizinduka, koo limejaa, macho yamemtoka, mikono inashika hewa. Randall alisimama pale na msumeno wake. Anajua kukosa pumzi kulivyo. Aliweka msumeno chini, akampiga shemeji yake mgongoni mpaka hewa ikaingia, akamfuta kwa taulo.

Jumamosi akarudi na magogo ya mwaloni aliyoyachonga mwenyewe. Akainua kitanda cha Verlin na Darla upande wa kichwani, juu sana, kwa sababu alikuwa amesoma kwamba inasaidia. Alikipima, akakitikisa, akasema hakiendi popote hiki. Alipofika mlangoni alisema, akiwa amewapa mgongo, kwamba yale ya kubeua ulikuwa utani tu. Verlin alimjibu anajua.

Walijaribu. Walilala pamoja kwa mara ya kwanza baada ya miaka, mashuka mapya, Verlin amepiga mswaki mpaka fizi zimetoka damu. Kitanda kilikuwa na mteremko kama paa la ghala. Kulipokucha wote wawili walikuwa wameshukia miguuni, wamekunjana kwenye ubao wa chini kama nguo chafu, na tindikali ilikuwa imepanda hata hivyo. Verlin akarudi sebuleni. Kitanda Darla hakukiteremsha. Magogo ni mazito, na hakutaka Randall aje ayakute yamewekwa nje.

Kaunti imeajiri fundi mwingine wa chini ya mabasi. Verlin anaenda asubuhi chache kwa wiki kuyaosha, akisimama, na mpira wa maji, na akina mama madereva bado wanamwambia yeye kuhusu kelele. Anasikiliza, anaweka sikio kwenye bati, anamwambia yule mpya pa kutazama. Darla amechukua zamu za jioni, kwa hiyo wanakula kwa nyakati tofauti. Anamwachia viazi vilivyopondwa kwenye sahani, amevifunika.

Kila mwaka wanakwenda kwenye kipimo. Daktari anatoka, anasema bado uko mpana, ngozi ya chini haijawa mbaya zaidi, tuonane mwaka ujao. Darla anasema asante. Waliporudi safari ya mwisho nilimuuliza Darla anaomba nini siku hizi akikaa kwenye kile chumba cha kungojea. Akasema siku hizi anaitazama tu ile televisheni ya mapishi.